Muulize Fundi: Kompyuta moja, watoto 40, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la sita hapa Moshi. Tuna kompyuta moja, watoto 40 na kitu, na kuna mzazi alituletea bodi 5 za Arduino, zile bodi ndogo za umeme unazoziandikia programu, zimekaa kwenye boksi mpaka leo. Nimejaribu kuwafundisha ubaoni, lupu ni nini, sharti ni nini, wanaitikia "ndiyo mwalimu" halafu kesho yake hakuna anayekumbuka. Nifanyeje?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, kama sivyo basi mambo! Ubao futa kwanza, anza na simtanki. Shule nyingi huwa mnajua limejaa pale maji yakishamwagika na tope limejaa nyuma ya jiko, si ndiyo? Sasa waambie watoto tunataka taa iwake maji yakifika juu, basi. Lupu usiitaje, itakuja yenyewe pale watakapoihitaji.

Mnafanyia kwenye ndoo. Chukua nyaya mbili, zichune ncha, moja ichomeke kwenye pini ya kutoa umeme ambayo programu inaweza kuiwasha na kuizima, nyingine kwenye A0, pini ya kupimia. Bodi inapima volti 0 mpaka 5 na kukupa namba kuanzia 0 mpaka 1023, kwahiyo nyaya zikigusa maji namba inapanda na hapo jiandae na kelele. Ila mara ya kwanza rezista, kale kakifaa ka kuzuia umeme usipite mwingi, usiiweke makusudi kabisa. Namba zitaanza kucheza zenyewe hata hakuna aliyegusa kitu, wengine watakwambia bodi ina majini, we waache wabishane wee mpaka wachoke, ndo uwaonyeshe kwamba pini isiyoshikwa na kitu inaokota umeme wowote uliopo karibu, weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka A0 kwenda GND (pini ya upande wa hasi) uone namba inavyotulia karibu na sifuri. Hilo hawatalisahau.

Ukiacha umeme unapita muda wote, baada ya siku kadhaa waya wa upande wa chanya utakuta unaliwa na umeota ukijani. Usiwatafutie waya mpya haraka, waulize kwanza. Atatokea mmoja aseme si tuwe tunazima, na ndivyo ilivyo: programu iwashe pini, isome, izime, isubiri dakika moja, irudie. Hiyo ndo lupu uliyohangaika nayo ubaoni mwalimu.

Halafu maji yakicheza cheza pale kwenye ncha taa inawaka inazima inawaka inazima, inaudhi kweli. Dawa yake ni kuweka waya wa tatu chini kidogo, uchomeke A1, pini nyingine ya kupimia, na rezista yake kama ule wa kwanza: taa iwake maji yakigusa wa juu, isizime mpaka yashuke chini ya huu mwingine. Hapo programu lazima ikumbuke ilikuwa kwenye hali gani, na kwa maoni yangu mtoto akilielewa hili moja tu umeshamaliza kazi ya muhula mzima.

Kuhusu kompyuta moja usijali sana. Programu ikishaingia kwenye Arduino haifutiki ukichomoa, bodi inaenda kufanya kazi kwa betri huko, kwahiyo kompyuta iende kwa zamu kama maji ya mfongo, ule mfereji wa mashambani. Kikundi kiandike hatua zake kwenye karatasi kwanza, mtoto mmoja ajifanye bodi afuate alichosomewa vilevile kilivyo bila kuongeza akili yake, wakikwama wanarekebisha palepale. Asiye na karatasi hagusi kompyuta, na usiwaonee huruma.

Na tafadhali, pampu au mota msichomeke moja kwa moja kwenye pini, pini moja inataka isizidi kama miliampia 20, mtaunguza bodi, tumieni transista, kifaa kinachoiwezesha pini kuwasha umeme mkubwa kuliko wake. Umeme wa ukutani wa volti 230 watoto wasiuguse kabisa, hata kama una rilei (swichi inayowashwa na bodi).

SWALI: Fundi, binti yangu ana miaka 9, anafungua fungua kila kitu hapa nyumbani. Dukani wanataka hela nyingi kwa boksi la roboti. Ninunue?
Mama wa Sakina, Arusha

JIBU: Mama, hilo boksi achana nalo kwanza. Mwekee Scratch kwenye kompyuta, programu ya watoto kujifunza kuprogramu kwa kuunganisha vipande, ni ya bure, ilitoka chuo cha MIT Marekani mwaka 2007, ukishaipakua inafanya kazi hata bila bando. Kwa fundi redio omba mota za redio kaseti zilizokufa, mpe na betri na waya uone atafika wapi. Ukija kutoa hela kweli, kwa umri wake mimi ningechukua bodi ya micro:bit kabla ya Arduino, ile ambayo BBC iliwagawia wanafunzi Uingereza mwaka 2016. Taa ndogo 25 na vitufe viwili vipo tayari juu ya bodi yenyewe kwahiyo anaanza bila kuunga waya hata mmoja, na inakula betri mbili ndogo tu. Redio yako nzima ifiche.