Foliki asidi na SP, mbona mnazigombanisha?

SWALI: Habari za kazi. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, mi nilimnunulia foliki asidi za mg 5 duka la dawa maana nilisikia zinazuia mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, sasa juzi kliniki kapewa SP, ile dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, kameza palepale, nesi akaziona zile foliki kwenye pochi akamwambia aache. Kwani foliki imeanza lini kuwa mbaya?
Baba kijacho, Sengerema

JIBU: Hongera baba kijacho. Foliki haijawa mbaya, shida ni hiyo 5.

Iko hivi, mwilini kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuhamisha kaboni moja tu, wanaitoa huku wanaipachika kule, na foleti (foliki asidi ni foleti ya vidonge) ndo bodaboda anayembeba huyo abiria. Kimoja kinaitwa thimidileti sinthesi, kinaichukua hiyo kaboni kinatengeneza herufi T ya DNA, bila T seli haigawanyiki, na mtoto tumboni kazi yake si ndo hiyo usiku na mchana.

Sasa mdudu wa malaria naye anacho kimeng'enya kama hicho na naye anataka kuzaana. Ila sisi foleti tunaila, mchicha, maharage, yeye anajitengenezea mwenyewe, na SP ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja, kila moja inaziba hatua yake ya huo utengenezaji. Ukimwaga foliki nyingi kwenye damu mdudu anajichotea ya bure, SP inabaki inalinda mlango ambao mwizi hapiti! Ndo maana WHO wanasema mg 0.4 kwa siku sawa, mg 5 na kuendelea usichanganye na SP.

Halafu nikwambie ukweli, mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne tangu mimba itunge, wengi hapo hata hawajajua kama wana mimba, kwa hiyo foliki ya mgongo inaanzwa kabla. Foliki ya miezi mitano ni kwa ajili ya damu.

Vidonge vya damu vya kliniki aendelee navyo, we angalia tu kwenye paketi foliki iwe 0.4. Na kama zile za 5 aliandikiwa na daktari, labda ana selimundu au anatumia dawa za kifafa, asiache kimyakimya, arudi nazo kliniki waangalie. SP nyingine ni baada ya mwezi.