Kwa dada wa Tororo anayeuliza atakuaje kiroho na mtoto mgongoni na huduma mkononi

Dada, nimesoma swali lako mara mbili pamoja na majibu yote yaliyofuata. Umesema una watoto wawili wadogo, mume ni mwinjilisti na wiki nyingi hayupo, wewe unafundisha shule ya Jumapili na unaimba kwaya, na sasa unajiona umekauka. Mbele za watu unaomba vizuri, ukibaki peke yako huna la kumwambia Mungu. Wengi wamekushauri uamke saa kumi alfajiri. Mmoja amesema uache huduma hadi watoto wakue. Mimi ni mke wa kasisi wa Kanisa la Uganda, kanisa la Kianglikana, tuko Busia upande wa Uganda, tuna watoto wanne, na sikubaliani sana na ushauri wowote kati ya hiyo miwili.

La alfajiri nilimalize kwanza. Kwa anayeweza ni jambo jema, na nchi hii ina historia nalo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Askofu Tucker pale Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa kuwa hawakukubali kuacha maombi yao ya alfajiri na kuhubiri kwao. Watu wameyalipia maombi hayo, siwezi kuyadharau. Lakini sidhani kama kati yao kulikuwa na aliyekuwa ananyonyesha! Mama aliyeamshwa usiku kucha na mtoto mwenye mafua, saa kumi ikifika alale. Zaburi 127 inawataja hasa wanaoamka mapema na kukawia kulala, kisha inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi, na mstari unaofuata ni kwamba wana ni urithi wa Bwana. Nashangaa mistari hiyo miwili hukaa jirani na bado hatumsomei mama mwenye mtoto mchanga yote miwili.

Kilichonikausha mimi hakikuwa watoto. Nilikulia kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Mambo ya nyumba ya mchungaji niliyakuta ukubwani. Ukiolewa na kasisi hakuna anayekuuliza kama una wito. Unafika parokia, kabla hujafungua masanduku umeshakabidhiwa Umoja wa Akina Mama, baada ya hapo watoto, na halafu kila mwenye msiba, harusi, ugomvi wa ndoa au karo iliyopungua anabisha hodi, na chai lazima iwepo. Askofu akimhamisha mume, mnafunga mizigo na kuanza upya kwa watu wengine. Nilikuwa kama bomba la maji la kijiji, kila anayekuja amebeba dumu lake, na hakuna aliyewahi kuuliza maji yanatoka wapi.

Hata Biblia nilikuwa naisoma kwa ajili ya watu. Nikifungua Luka 15, sijafika hata katikati ya habari ya mwana mpotevu kichwa kimeshapanga kazi: wadogo wachore nguruwe, wakubwa waigize, mstari wa kukariri ni wa 20. Neno lilikuwa linapita kwangu likienda kwa wengine, kwangu halisimami.

Sasa watoto ungewaondoa, ukavu huo ungeisha? Usingeisha. Na huduma ukiiacha yote? Nimewaona walioacha. Wengine walipumzika kweli, wengine walikaa nyumbani na kiu ileile, tena wakiwa na uchungu juu. Ndiyo maana nakuuliza hivi: katika wiki yako nzima ni wapi unakaa kama muumini tu, mtu anayehitaji kuombewa, pasipo mtu kukungoja umfundishe, umwimbie au umlishe? Kama hapapo, usijilaumu kwa kukauka. Tafuta hapo mahali kabla ya kutafuta saa.

Mimi nilipapata kwa wazee wa Balokole, yaani "waliookoka", watu wa uamsho wa Afrika Mashariki, siku ya Alhamisi jioni. Wanakutana kwa mama mmoja muuza dagaa, nyuma ya soko. Viti vichache, tunakaa mikekani. Hakuna ratiba wala mgeni rasmi. Wanaimba, mmoja anasoma sura, wanatulia kidogo, kisha mtu anasema hali yake na Yesu tangu walipoachana, bila mapambo: kipimo sikukijaza sawasawa mteja alipogeuka, nimemnunia mke wa mwanangu, nimepata amani kuhusu shamba la marehemu. Akimaliza wanamwimbia Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, zamu inakwenda kwa mwingine. Mimi siku ya kwanza nilisimama na taarifa. Umoja wa Akina Mama umenunua mahema, tumetembelea wagonjwa, tunamshukuru Mungu. Yule mama mwenye nyumba, mikono bado ina magamba ya dagaa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante mama kwa habari za parokia. Na wewe mwenyewe u hali gani na Bwana?" Nilifungua mdomo, halikutoka neno. Wakaimba ubeti mmoja, wakaendelea na mwenzangu. Hakuna aliyenihubiria. Nilirudi wiki iliyofuata kwa sababu hiyo tu, kwamba hawakunihubiria.

Utaratibu huu si uzushi wa akina bibi wa Busia. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukashika Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Mstari walioushika sana ni 1 Yohana 1:7, tukienenda nuruni tunashirikiana sisi kwa sisi. Kwao kasisi mwenye kola na mpishi wake wote ni ndugu, na kila mmoja anaweza kumuuliza mwenzake habari za moyo wake. Ndicho kitu mtumishi anakikosa. Sisi tumezoea kuulizwa maendeleo ya kazi.

Nikuonye hapo hapo: si kila ushirika ni salama. Upo uliogeuka kuwa mahakama ya nywele na nguo, na upo ambao siri yako inafika sokoni kabla yako. Kaa nyuma kwanza, sikiliza wanavyomsema mtu ambaye hayupo. Utajua.

Kuhusu watoto, nina maoni ambayo baadhi ya akina mama wenzangu hawayapendi. Naona tunawafundisha watoto kupita kiasi, tunasoma nao kidogo mno. Kila hadithi lazima iwe na funzo la utii. Kwetu nilipunguza. Jioni maharage yakiwa kwenye sigiri, mmoja anasoma kipande cha Injili kwa sauti, kile kile wiki nzima, na kila mtu ana ruhusa ya kuuliza. Sitayarishi kitu. Namsikiliza mtoto anavyosoma kwa kukwama kwama, na mara nyingi ninalisikia neno ambalo mimi hulipita mbio. Dakika chache tu, kuna siku wanagombana na tunaishia kwenye Baba Yetu, basi.

Maswali yao ndiyo yamenisogeza kuliko semina zote nilizohudhuria. Mwaka mmoja tulipokuwa tunazungumza habari za Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda, karibu na sikukuu yao ya Juni 3, nikawaambia kama tunavyowaambia watoto wote wa Uganda: Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua kwa imani yao Wakristo 45, wengi wao vijana wa ikulu, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22, wengi wakachomwa Juni 3, 1886, na Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14 hivi. Binti yangu mkubwa naye alikuwa anakaribia umri huo. Akauliza, "Mama, mbona wale watatu wa Danieli Mungu aliwatoa motoni, Kizito akamwacha?" Darasani ningekuwa na jibu lililopangwa. Pale jikoni nilimwambia sijui, tukasome wote. Tukaenda Danieli 3, tukafika mstari wa 17 na 18, pale vijana wanapomwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, bali kama si hivyo, hawatasujudu. Nimefundisha sura hiyo miaka mingi na hapo nilikuwa napita tu kwenda kwenye tanuru. Usiku ule nilikaa na maneno hayo muda mrefu, kwa sababu nami nilikuwa na ombi la miaka ambalo Mungu hajalijibu, linamhusu ndugu yangu wa damu, na nilikuwa nimeacha kuliomba ili nisijiumize. Nililirudia. Hadi leo halijajibiwa, lakini naliomba. Dada, huko ndiko kukua ninakokujua mimi, na kulitokana na mtoto aliyeuliza.

Jambo jingine ni hili la "mtoto wa mchungaji". Watoto wetu wakikimbia kanisani wanaitwa kwa kazi ya baba yao, wakifeli mtihani pia. Nimewaambia wazi nyumbani kwamba hawana wajibu wa kumpendezea baba yao kanisa. Wakitaka kuokoka waokoke kwa ajili yao. Waumini wachache walinuna, wamezoea sasa.

Na bweni. Najua hapa kwetu watu wengi wanawapeleka watoto bweni tangu shule ya msingi, na darasa la saba shule nyingine hazikupi hata nafasi ya kukataa kwa sababu ya mtihani wa Novemba. Sisemi ni dhambi. Ila nimeona nyumba za watumishi ambako watoto wako bweni mihula yote mitatu, likizo ikifika baba yuko kwenye misheni na mama yuko kwenye kongamano, halafu tunashangaa mtoto anamjua mlezi wa bweni kuliko sisi. Sisi tuliwaweka shule ya kutwa hadi walipolazimika. Iligharimu, hasa mume alipohamishwa katikati ya mwaka. Ningefanya hivyo tena.

Huduma sikuiacha. Nilichagua. Kwaya nilimwachia binti mmoja anayeimba kunizidi, na kusema kweli hakuna aliyelia. Shule ya Jumapili nilibaki nayo kwa kuwa watoto wangu wamo humo. Umoja wa Akina Mama ninao, ila nilikataa kuwa mwekahazina, fedha za kanisa zina namna yake ya kukuamsha usiku. Kwako ningesema ushike moja kati ya kwaya na darasa, ile ambayo ukitoka hujisikii kumkaripia mtoto.

Sasa mume. Umeandika kwa upole sana, lakini nimeona maneno "wiki nyingi hayupo". Ule mstari wa 1 Timotheo 3:5, asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu, nimeusikia ukitumika kuwakemea wake wa watumishi, na Paulo alikuwa anamwandikia habari za askofu mwanamume. Askofu Festo Kivengere, mtu wa Balokole, baba wa mabinti wanne, alikuwa akisimulia jinsi alivyokosana na mkewe Mera muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Roho akimwambia arudi akapatane naye kwanza. Akajitetea kwamba mkutano unaanza sasa hivi. Akajibiwa kwamba basi aende akahubiri, Roho atabaki na mkewe. Alirudi jikoni. Mwombe mumeo mzungumze juu ya simulizi hiyo, mkiwa mmeshiba na hamjagombana. Wangu baada ya mazungumzo ya namna hiyo aliitoa Jumatatu yote, siku ambayo makasisi wengi hupumzika, na sare za shule Jumatatu anafua yeye. Kola za mashati hazitakati, nanyamaza.

Mwisho kabisa la kusoma, maana uliuliza utasoma nini. Chukua Injili ya Marko, muhula mzima. Ukiwa unafua, weka simu ikusomee, Biblia ya Kiswahili ya sauti ipo na ukishaipakua haili bando. Usiandike hoja tatu za kufundishia.

Na uulize akina mama wazee wa kanisa lenu hapo Tororo ndugu wanakutana siku gani. Nenda bila daftari. Umeuliza mtoto utamwacha na nani: nenda naye. Akilia kuna bibi atampokea kabla hujamtoa mgongoni, na wewe utabaki umekaa mikono mitupu, labda kwa mara ya kwanza wiki hiyo.