Kabla ya kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya kulea wazee, ulizia usiku

Ndugu yetu ameuliza kama atafanya vyema kumpeleka mama yake, aliyepata kiharusi na ambaye pia ana kisukari, kwenye nyumba binafsi ya kulea wazee hapa Dodoma, kwa kuwa yeye na mkewe wako kazini kutwa nzima na dada wa kazi hawezi kumnyanyua mama peke yake. Ameeleza kwamba alipokwenda kuitazama alikuta usafi wa kuridhisha, bustani imemwagiliwa na wahudumu wamevaa sare. Mimi nimelipitia jambo hili na baba yangu, hivyo nitajibu kwa niliyoyaona, na simlaumu yeyote anayefikia uamuzi huo, kwani najua uzito wa kumgeuza mtu mzima kitandani ukiwa peke yako.

Baba alipooza upande wa kushoto akiwa na miaka 78. Tulimtoa Mpwapwa tukamleta mjini, na baada ya miezi minne ya kuhangaika naye nyumbani Nkuhungu tulimpeleka kwenye nyumba moja iliyo nje kidogo ya mji, ambayo sitaitaja. Nayo ilikuwa safi. Nilikwenda kila Jumamosi mchana, nikamkuta ameogeshwa, amenyolewa ndevu na ameketishwa kivulini, nami nikaondoka moyo umetulia. Wiki ya saba nilimvua soksi ili nimkate kucha. Kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na duara lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, na nilipoligusa lilibonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Baba hakushtuka, kwa sababu mguu ule haukuwa ukihisi kitu.

Hicho ndicho wauguzi wanachokiita kidonda cha mgandamizo. Mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, kama vile kisigino, nyonga na chini kabisa ya mgongo, damu hushindwa kupita mtu anapolalia upande mmoja kwa muda mrefu, na nyama inaweza kuanza kufa kwa ndani kabla ngozi haijapasuka. Sisi wazima hujigeuza usingizini bila kujua, lakini aliyepooza hajigeuzi, na mwenye ganzi hata haoni haja ya kugeuzwa. Wanaolifahamu jambo hili kwa undani ni wale wanaowatunza wazee walioathiriwa na ukoma, kama katika makazi ya serikali ya Sukamahela kule Manyoni, kwani ukoma nao huua mishipa ya fahamu na kumwacha mtu aumie pasipo kujua. Kitu kimoja nilichofundishwa hospitalini baadaye, na ambacho natamani ningekijua mapema, ni kwamba dalili ya wekundu inayotajwa sana haionekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo ni lazima kupapasa: mahali penye joto kuliko pembeni yake, pagumu, au palipolegea isivyo kawaida, hapo pana tatizo hata kama macho hayaoni.

Siku ile nilimwomba msimamizi anioneshe karatasi ya kuandikia saa za kumgeuza mgonjwa, kwa kuwa utaratibu uliozoeleka ni kumgeuza asiyejiweza takriban kila baada ya saa mbili. Ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini visanduku vya saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku na saa nne usiku vilikuwa vimekwisha kutiwa alama ya vema, vyote kwa kalamu moja ya bluu na mkono mmoja.

Nilikasirika sana, na kwa muda mrefu niliamini kwamba wale mabinti hawakuwa na huruma. Nilipokaa na kupiga hesabu, hasira yangu ilihamia mahali pengine. Usiku alikuwa akibaki mhudumu mmoja kwa wazee 14, na 9 kati yao hawakuweza kujigeuza. Ukichukua dakika kumi tu kwa kila mmoja, yaani kumgeuza, kumbadilisha pampasi, kunyoosha shuka lisiache mikunjo na kuweka mto chini ya miguu ili visigino vielee, tayari ni saa moja na nusu katika kila saa mbili, tena ikiwa hakuna aliyeanguka, aliyetapika wala aliyeita, na ikiwa mtu mmoja anaweza kumgeuza mzee mwenye kilo 70 bila kumburuta. Haiwezekani. Karatasi ile ilijazwa mapema kwa sababu mwenye nyumba aliidai kazi ambayo mikono aliyoiajiri isingeweza kuifanya, na binti aliyebaki peke yake aliogopa kufukuzwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, bustani na sare haviwezi kukujibu. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi, na wangapi kati ya wazee hao hawajigeuzi, kisha upige hesabu hiyo mwenyewe. Omba ruhusa ya kufika bila taarifa saa tano usiku au alfajiri, na wakikataa kabisa, usilipe. Muulize pia afisa ustawi wa jamii wa jiji kama nyumba hiyo anaitambua na kama huwa anaikagua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiona familia kuwa mlezi wa kwanza wa mzee na makazi ya wazee kuwa hatua ya mwisho, na nadhani ndiyo maana wengi wetu hatuna mazoea ya kuzikagua nyumba hizi. Wazazi wetu hawakuhitaji kujifunza hilo.

Ukiwa pale wakati wa chakula, tazama mama anavyolishwa. Mwenye kiharusi anapaswa kuketishwa wima na kubaki hivyo kama nusu saa baada ya kula, na akikohoa kila anapokunywa maji, mwambie daktari, kwa maana huenda yanaingia kwenye mapafu. Tazama na kikombe kimewekwa upande gani. Cha baba kilikuwa kikiwekwa kushoto, upande uliopooza, katikati ya kiangazi cha Dodoma, nami kwa wiki saba nilidhani kwamba hana hamu ya maji.

Kwa kuwa mama yako ana kisukari, miguu yake inahitaji kutazamwa kila siku, nyayo na katikati ya vidole, na kidonda kidogo kwake kisisubiri Jumamosi. Uliza ni nani kwa jina atakayeifanya kazi hiyo, na nani ataifanya siku yake ya mapumziko. Nawe kila uendapo, mvue soksi kwanza, ndipo mwanze mazungumzo.