Niliyoyaamini kuhusu IVF kabla hatujauza kiwanja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kuhusu IVF, yaani yai kurutubishwa kwa mbegu maabara kisha kuwekwa kwenye kizazi. Aliandika hivi: "Dada, mimi na mume wangu tumeshakusanya hela ya IVF. Mwezi wa tatu naenda kupandikiza pacha wa kiume, nimechoka kusemwa. Naomba namba ya hospitali uliyokwenda."

Nilisoma mara tatu, nikacheka, halafu machozi yakanilenga. Sikumcheka yeye. Nilijicheka mimi wa mwaka 2017, maana ningeandika vilevile, labda ningeomba na awe mweupe.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 34, mitano ndani ya ndoa bila mtoto. Kipimo cha mirija ya uzazi kilionyesha yote miwili imeziba. Tukauza kiwanja cha Chanika. Nilijiambia kwamba kiwanja kimeondoka, mtoto anakuja, biashara imekwisha. Nilishachagua hadi jina.

Mdogo wangu, ukiuza kiwanja hununui mtoto, unanunua jaribio. Wapo wengi wenye umri mdogo, chini ya miaka 35, ambao mara ya kwanza wanatoka mikono mitupu. Baada ya miaka 40, kwa mayai yako mwenyewe, wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Mayai yana umri uleule wa mwenye nayo, hata kama uso wako unasema ishirini na tano.

Angalia hesabu yangu. Nilijichoma sindano za tumbo siku kumi na moja, kila usiku saa tatu. Nyingine zinatakiwa kukaa kwenye baridi, na siku ya sita umeme ukakatika mtaa mzima. Nikatoka na kanga mbili, chupa za dawa zimo kwenye hotipoti, nikagonga kwa Mangi kununua barafu. Akaniuliza, "Juisi ya msiba?" Nikamwambia ndiyo.

Siku ya kuvuna, kwa nusu kaputi, yalitoka mayai kumi na moja. Yaliyokomaa ni saba. Yaliyorutubishwa ni manne. Yaliyofika siku ya tano ni mawili tu. Yai lililorutubishwa na kuanza kukua huitwa kiinitete. Viinitete hivyo viwili, kila kimoja kidogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii, ndivyo vilivyowekwa kwenye kizazi kwa mrija mwembamba. Hapo sikulazwa usingizi wala sikuumia. Wanaokwambia unapasuliwa tumbo hawajafika.

Mama yangu akashuka kutoka Tanga kunilinda. Nilale siku kumi na nne, miguu juu ya mto, nisicheke, nisipige chafya, chooni nishikwe mkono. Daktari alisema nitembee na nifanye kazi zangu kama kawaida, kwamba kulala hakushikishi mimba. Nani angemsikiliza daktari mbele ya mama? Nililala. Nilipiga chafya siku ya tisa na mpaka leo kuna shangazi anayeamini chafya hiyo ndiyo iliyoitoa mimba.

Damu ikapimwa, jibu likawa hakuna. Sitaeleza mwezi uliofuata, anayeujua anaujua.

Chafya haikuwa na kosa. Daktari wa hospitali ya pili aliitazama picha ileile ya mirija na kuniambia mmoja umejaa maji. Maji yale yanavuja kuingia kwenye kizazi na kukifanya kiinitete kishindwe kushika, kwa hiyo mrija wa namna hiyo huondolewa kwanza. Hospitali ya kwanza, ambayo siitaji, ilikuwa na picha hiyo kwenye faili langu tangu siku ya kwanza. Nimesamehe, lakini kila nikipita Chanika naangalia upande wa pili.

Sasa nifike kwenye linaloniuma zaidi, na mume wangu ameniruhusu kuliandika.

Miaka mitano ile mimi ndiye niliyepimwa, niliyenyweshwa mizizi, niliyepelekwa kukandwa tumbo hadi Pangani. Yeye hakuwahi kupimwa hata mara moja. "Mimi mzima," alikuwa anasema, kwa sababu tu hana tatizo chumbani. Mama mkwe akawa ananiita jina moja, tasa, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika. Mume wangu alipimwa kwa mara ya kwanza kwa sababu hospitali ya IVF haianzi bila majibu ya mwanaume. Mbegu zikaonekana chache, na nyingi za hizo chache haziendi mbele. Kwa hiyo hata mirija yangu ingekuwa mizima kama barabara ya lami, bado tungehangaika.

Nguvu za kiume na ubora wa mbegu ni vitu viwili tofauti. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanaume ana sehemu yake katika tatizo, na kumpima ni kazi ya kikombe na saa chache. Mwanamke anachomwa, anapigwa picha, anawekewa dawa kwenye mirija, halafu wewe kikombe kinakushinda? Baba zangu, kaka zangu mnaosoma hapa kimyakimya, najua mpo. Kapimeni.

Kwa hali yetu walitumia njia inayoitwa ICSI: mbegu moja inachaguliwa na kuchomwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Mimba za kwanza za njia hiyo zilitangazwa Brussels mwaka 1992. Mume wangu alipoelezwa aliuliza swali moja tu, kama mtoto atakuwa wake. Ni wake. Mbegu yake, yai langu. Shehe wetu naye alituuliza hilohilo kisha akasema kama hakuna mtu wa tatu na ndoa ipo, tuendelee. Wasomaji wangu Wakatoliki, kwenu kanisa lina msimamo mwingine, wa kukataa. Hilo mzungumze na padri wenu, mimi siliingilii.

Nilitolewa mrija, tukakopa, tukarudia. Naruka hapa kwa sababu ni sindano zilezile na barafu ileile ya Mangi. Binti yangu alizaliwa 2019, kilo tatu na robo. Leo yuko darasa la kwanza na anabishana kuliko babu yake.

Siku ya arobaini, wifi yangu alimbeba akasema mbele ya watu, "Haya, mtoto wa chupa. Sijui na yeye atazaa?" Nilinyamaza siku ile, nikaenda kusoma. Mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba kama mimi. Mdogo wake Natalie alipatikana kwa njia hiyohiyo, na mwaka 1999 akawa wa kwanza kati ya watoto wa IVF kuwa mzazi. Louise naye akazaa baadaye, wote kwa njia ya kawaida. Robert Edwards, mmoja wa waliofanya kazi ile, akapewa Nobeli mwaka 2010. Wifi, kama unasoma: wangu alikaa kwenye kisahani siku tano. Miezi iliyobaki alikaa kwangu, mbavu zangu zinajua.

Na usiogope kwamba sindano zitamaliza mayai yako. Kila mwezi mayai kadhaa huanza kukua, moja linashinda, mengine yanakufa. Sindano zinayaokoa hayo ambayo yangekufa.

Sasa pacha wa kiume. Mimi niliwekewa viwili mara ya kwanza, kimoja mara ya pili. Mimba ya pacha huleta watoto njiti na presha kwa mama mara nyingi zaidi, ndiyo maana madaktari wengi siku hizi wanapendelea kiinitete kimoja. Jinsia hujulikana kwa kupima vinasaba vya kiinitete, kipimo cha ziada chenye bei yake, na Uingereza kuchagua jinsia kwa kutaka tu ni marufuku kisheria.

Namba ya hospitali nimemtumia. Nimemuuliza mume wake amepimwa lini, na kama hela waliyokusanya inatosha mara moja au mbili. Ameona ujumbe tangu Jumanne. Hajajibu.