Maswali ya Wasomaji: Miradi ya pembeni inapomaliza fedha za mkusanyiko mkuu

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Ninakusanya sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia sarafu za shaba ziitwazo pesa, za mwaka 1890, hadi sarafu zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916. Sarafu za hela moja (hela ni sarafu ndogo ya Wajerumani wa wakati huo) nimekwisha kuzikamilisha karibu zote, zilizotengenezwa Berlin zenye alama ya A na zilizotengenezwa Hamburg zenye alama ya J. Hata hivyo, pembeni nimeanzisha miradi mitatu: sarafu zenye tundu za nchi yoyote ile, pesa za Zanzibar za Sultani Sayyid Barghash, na sarafu za Tanzania tangu mwaka 1966. Fedha ninazotenga kila mwezi zinaishia huko, na mkusanyiko mkuu haujapata hata sarafu moja mwaka huu. Je, niiache miradi hiyo yote?
— Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usiiache yote, lakini pia usigawe fedha zako mafungu manne yaliyo sawa, kwa maana hapo hakuna mkusanyiko utakaostahili kuitwa mkuu.

Kwanza tuangalie chanzo. Umekwisha kupata sarafu zilizo rahisi kupatikana, na zilizosalia, kama vile sarafu za rupia mbili za madini ya fedha za mwaka 1893 na 1894, ni za bei kubwa na huonekana kwa nadra. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani na kitu kipya kila mara hupata tabu kungoja, na ndipo sarafu ya bei ndogo, ya mradi wowote, humvutia. Kwa hiyo kukaa muda mrefu bila kununua si dalili kwamba mkusanyiko wako umekufa. Tatizo ni kwamba fedha zilizopaswa kungoja pamoja nawe zimetumika. Fungu la mkusanyiko mkuu litengwe mwanzo wa mwezi, liwekwe kwenye kibubu chake, na lisiguswe hata kama miezi sita itapita bila sarafu unayoitaka kujitokeza.

Baada ya hapo, kila mradi upimwe kwa maswali mawili: je, unaweza kuendelea bila kugusa kibubu hicho, na je, unakusaidia kuuelewa mkusanyiko mkuu?

Mradi wa Tanzania unafaulu swali la kwanza bila shida. Senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni na senti 50 yenye sungura, zote zilizoanza mwaka 1966, kwa kawaida si za gharama, na shilingi 500 yenye nyati, iliyotolewa mwaka 2014, unaweza kurudishiwa kwenye chenji ya daladala. Uendelee nao.

Pesa za Barghash, kwa maoni yangu, umeziweka mahali pasipo pake. Zile za mwaka 1299 na 1304 Hijria, yaani 1882 na 1887, zenye picha ya mizani, zilitumika pia huku bara, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotoa pesa zake iliziandika kwa Kiarabu, ikaziwekea mwaka wa Hijria na kuziacha kwa hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja. Ni vigumu kuieleza pesa ya mwaka 1890 bila kuwa na ya Sultani kando yake. Weka moja ya kila mwaka mwanzoni mwa mkusanyiko mkuu, na mradi huo uishie hapo.

Unaokula fedha zako ni huu wa matundu. Japani, Denmark, Norwe, Ufaransa, Ubelgiji na India zote zimewahi kutoa sarafu zenye tundu, na hakuna siku utakayosema umemaliza. Uwekee mpaka wa Afrika Mashariki: hela 10 ya mwaka 1908, hela 5 za mwaka 1913 na 1914, na senti za majirani zetu waliokuwa chini ya Waingereza, ambao walikuwa na sarafu zenye tundu tangu mwaka 1907, ukimalizia na senti 5 na 10 za mwaka 1964 zisizo na jina la mfalme. Ukiwa na mpaka huo, utaona kwamba hela 10 ya Wajerumani ilikuja wakati ambapo jirani alikwisha kutoboa zake.

Jihadhari pia na mradi wa pembeni uliojificha ndani ya ule mkuu. Hela 20 za Tabora, zilizotengenezwa katika karakana ya reli wakati wa vita, zina tofauti ndogondogo za taji na za mapambo, na kuna wanaozifuata tofauti hizo moja baada ya nyingine. Mimi ningeridhika na moja ya shaba nyekundu na moja ya shaba ya njano. Kuhusu rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, za bandia ni nyingi mno, na hiyo isinunuliwe bila kuthibitishwa na mtaalamu.

SWALI: Nina hela nyingi zinazojirudia, nami nataka kuziuza ili nigharimie mradi wangu wa sarafu zenye picha za wanyama. Jirani ananishauri nizisugue kwa ndimu na majivu ili zing'ae kabla ya kuziuza. Je, yuko sahihi?
— Msomaji, Pangani

JIBU: Kuuza zinazojirudia ni njia nzuri kuliko zote za kugharimia mradi wa pembeni, kwani mkusanyiko mkuu haupungukiwi na kitu. Kuhusu kusugua, hapana. Rangi ya kahawia ya shaba kuukuu ndiyo anayoitafuta mnunuzi anayejua, na sarafu iliyokwanguliwa hushuka thamani moja kwa moja. Zihifadhi pakavu, kwa kuwa hewa ya bahari huleta kutu ya kijani, na usizitie kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa utando unaonata na kuichafua shaba. Mnunuzi akitaka zing'ae, mwache akazing'arishe mwenyewe baada ya kulipa.