Kuku aliyelainika kwenye hotpoti

SWALI: Shangazi, shikamoo. Juni hii, baridi ya Arusha ilipokaza, tulichangishana watu watano tukaenda mgahawa wa Kikorea mjini. Tukaletewa sinia moja la kuku wa kukaanga, nusu mkavu, nusu amepakwa sosi nyekundu, tamu na kali, na kibakuli cha vipande vyeupe vichachu. Tulipiga soga saa nzima na kipande cha mwisho bado kilikuwa kinalia “kra” mdomoni. Jumamosi iliyofuata nikawaalika kwangu. Nilimpaka kuku mayai na unga wa ngano, nikamkaanga asubuhi, nikamfunika kwenye hotpoti. Walipofika saa nane, ngozi inateleza kama ya kuku wa supu. Wananicheka mpaka leo. Nilikosea wapi?
Msomaji, Sakina

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waambie waache kucheka. Mimi niliwahi kubeba sambusa za harusi kwenye hotpoti kutoka Moshi mjini hadi Machame, na tulipofungua kifuniko maji yalikuwa yanadondoka juu yake kama mvua ya masika. Mchawi wako ni huyohuyo. Chakula cha moto kinatoa mvuke, kifuniko kinauzuia, nao unarudi kwenye ganda.

Lakini hata bila hotpoti asingefika saa nane, kwa sababu ulimkaanga mara moja. Wakorea wanakaanga mara mbili. Ya kwanza, mafuta ya nyuzi 160 hivi, inaivisha nyama, dakika nane hadi kumi kwa vipande vidogo. Mwipue, mpumzishe dakika kumi kwenye wavu, si kwenye sahani. Hapo unyevu wa ndani unapanda kuja kwenye ganda. Ya pili, mafuta yakiwa makali zaidi, nyuzi 180 na kidogo, dakika mbili tatu, inaufukuza. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya mwiko wa mti: vipovu vidogo vya taratibu ni mafuta ya kwanza, vikichemka kwa fujo ni ya pili. Na usijaze karai, mafuta yatapoa.

Unga wa ngano peke yake unanyonya unyevu upesi. Wenyewe hutumia wanga wa viazi. Wewe chukua wanga wa mahindi, ule tunaouita konfulawa, mwingi kuliko ngano. Kuku awe wa kisasa, mdogo wa kilo moja hivi, akatwe vipande vidogo. Wa kienyeji mwachie mchuzi wake, tafadhali.

Sosi ile nyekundu inaitwa yangnyeom. Moyo wake ni gochujang, pilipili iliyosagwa ikachachushwa pamoja na soya na mchele wa kunata. Ukiikosa, chemsha tomato sosi, asali, soya sosi, kitunguu saumu na pilipili ya unga mpaka inate. Haitakuwa ileile, ila wenzako watalamba vidole. Mpake kuku akiwa tayari kuliwa, tena kwa wepesi. Vile vyeupe ni figili, vikatwe kama dadu, vilowekwe kwenye siki, maji na sukari kwa vipimo sawa, pamoja na chumvi kidogo. Viweke tangu jana yake. Ndivyo vinavyokata mafuta, kama kachumbari yetu kwenye nyama choma.

Sasa wageni, na hapa ndipo tunapokosana na kuku huyu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akifika akute chakula kimeshafunikwa mezani. Kuku huyu hasubiri mtu, yeye ndiye anayesubiriwa. Kaanga mara ya kwanza kabla hawajafika. Wakishakaa, wasogeze vigoda jikoni, moto wenyewe utawafaa kwa baridi hii, kisha ukaange ya pili mafungu madogo madogo, kila fungu likitoka wanagombania. Akiwepo mkubwa, aanze yeye. Wakorea nao wana adabu hiyo, na kinywaji cha mzee hukimimina kwa mikono miwili. Wao humshushia kuku kwa bia, wakauita mchanganyiko huo chimaek. Sisi wa Moshi tuna mbege, na sioni kwa nini isijaribiwe.

Vipande vikibaki, vipoe wazi, na kesho uvipashe kwenye kikaango kikavu, bila kifuniko. Hotpoti itie wali.