Maswali yenu kuhusu Steve Kerr na wachezaji wengine waliogeuka makocha

Wiki hii karibu barua zote zinamhusu Steve Kerr, aliyetwaa mataji matano ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, akiwa mchezaji na manne akiwa kocha wa Golden State Warriors. Nimechagua zinazojibika hapa.

Kaka, mnamsifu mno huyu Kerr. Mimi naona alibahatika kucheza na Michael Jordan, basi. Alikuwa na kipaji gani? (Msomaji, Morogoro)

Kutupa. Mbio hakuwa nazo, kuruka hakuruka, na mwaka 1988 Phoenix Suns walimchukua akiwa wa 50 katika drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya. Kwa misimu 15 wastani wake ulikuwa pointi 6 kwa mechi. Ila mitupo yake ya pointi tatu, ile ya kutoka mbali, iliingia kwa asilimia 45.4, na katika historia ya NBA hakuna aliyemzidi kwa wastani huo.

Bahati ya Jordan ipo, sikatai. Lakini mpira wenyewe unapokujia sekunde tano kabla ya filimbi, katika mechi ya sita ya fainali za 1997 dhidi ya Utah, timu zikiwa sawa 86, bahati haikutupii. Jordan alizingirwa na watu wawili, akampasia Kerr, Kerr akafunga, ubingwa ukabaki kwa timu yao, Chicago Bulls. Alipohamia San Antonio Spurs alitwaa taji la 1999 bila Jordan, na mwaka 2003, akiwa na miaka 37 na hata uwanjani haingii mara kwa mara, aliinuka benchi akatumbukiza pointi tatu mara nne na kuwatoa Dallas katika fainali ya kanda ya Magharibi.

Bahati yake kubwa mimi naiona kwingine: waliomfundisha. Chuoni Arizona alikuwa na Lute Olson. Cleveland alimkuta Lenny Wilkens, Chicago Phil Jackson, San Antonio Gregg Popovich. Mechi ya NBA ni dakika 48. Anayecheza 15 ana dakika 33 za kumtazama kocha wake akifanya uamuzi, na Kerr alizitumia zote.

Ni kweli Jordan alimpiga ngumi?

Kweli. Ilikuwa mazoezini mwaka 1995, kabla ya msimu. Jordan alikuwa akiwabwatukia wenzake, Kerr akamjibu, wakashikana, Kerr akatoka na jicho jeusi. Jordan alimpigia simu siku hiyohiyo kuomba radhi. Kerr mwenyewe husema kuanzia hapo Jordan alimwamini. Msiichukue hii kama mbinu ya kujenga timu, tafadhali.

Nimesikia ni mzaliwa wa Beirut na babake aliuawa huko. Hebu tueleze. (Msomaji, Mombasa)

Alizaliwa Beirut mwaka 1965. Babake, Malcolm Kerr, alikuwa msomi wa siasa za nchi za Kiarabu, na baadaye rais wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Tarehe 18 Januari 1984 watu wenye silaha walimpiga risasi nje ya ofisi yake. Steve alikuwa na miaka 18, mwaka wa kwanza chuoni Arizona. Siku mbili baadaye alicheza dhidi ya Arizona State na kufunga pointi 12.

Miaka minne baadaye, mashabiki wachache wa wapinzani haohao walimwimbia jina la PLO, Chama cha Ukombozi wa Palestina, wakati wa kupasha misuli, kumkumbusha kifo cha babake. Alitetemeka, akakaa benchi kidogo. Mechi ilipoanza alijaribu pointi tatu sita kipindi cha kwanza na zote zikaingia. Anayejiuliza kwa nini kocha huyu huacha maswali ya mpira na kuzungumzia bunduki na siasa mbele ya waandishi wa habari, jibu lake linaanzia Beirut.

Warriors walikuwa na Stephen Curry na Klay Thompson kabla yake. Yeye aliongeza nini? (Msomaji, Nairobi)

Swali zuri, kwa sababu kocha aliyemtangulia, Mark Jackson, naye mchezaji wa zamani, hakuiacha timu mbovu. Alishinda mechi 51 msimu wake wa mwisho, na ulinzi aliujenga yeye. Tatizo lilikuwa upande wa kushambulia: hakuna timu ya NBA iliyopiga pasi chache kuliko Warriors msimu ule. Mpira ulikwama kwa mtu mmoja, wengine wakimtazama.

Kerr alitaka pasi 300 kwa mechi. Kwa Phil Jackson na msaidizi wake Tex Winter alichukua mfumo wa pembetatu, ambapo wachezaji watatu hujipanga pembetatu na kupasiana, kwa Popovich akachukua namna ya kuupeleka mpira haraka kutoka upande mmoja hadi mwingine, akavichanganya. Curry akaanza kukimbia bila mpira, akipita nyuma ya miili ya wenzake, na anayemkaba akachoka kabla hata mpira haujafika. Halafu kuna sehemu ngumu zaidi: alimwomba Andre Iguodala, ambaye maisha yake yote ya NBA alianza kila mechi, akae benchi. Kabla ya kumwomba mtu chochote alikuwa amewatembelea wachezaji walipo, hadi Australia kwa Andrew Bogut. Ombi la namna hiyo kutoka kwa mtu aliyewahi kukaa benchi mwenyewe linasikika tofauti.

Matokeo: ushindi 67 msimu wa kwanza na taji la 2015, la kwanza kwa klabu hiyo tangu 1975. Na katika fainali, timu ikiwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1, Kerr alimrudisha Iguodala kwenye kikosi cha kwanza. Wazo hilo lilitoka kwa msaidizi kijana, Nick U'Ren, aliyekuwa akipekua video usiku. Kerr alilikubali, na baadaye akamtaja mwenye wazo hadharani. Iguodala akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Msimu uliofuata aliumwa, timu ikashinda bila yeye. Kocha ana kazi gani basi?

Upasuaji wa mgongo ulileta matatizo, akakosa mechi 43 za mwanzo. Msaidizi wake Luke Walton, naye mchezaji wa zamani, alishinda 39 kati ya hizo, 24 za kwanza mfululizo. Msimu uliisha kwa ushindi 73 na vipigo 9, rekodi ambayo bado ipo. Mimi naisoma kinyume na wewe: kazi ya kocha ilishafanyika mwaka uliotangulia. Na kama unataka kumsema Kerr, mseme kwa fainali za 2016, alipoongoza 3 kwa 1 dhidi ya Cleveland akapoteza. Huko hakuwa mgonjwa.

Mbona nyota wakubwa wanashindwa ukocha? (Msomaji, Dodoma)

Si wote. Magic Johnson, ndiyo: aliichukua Lakers mwaka 1994, akashinda tano kati ya sita za mwanzo, akapoteza kumi mfululizo, akaondoka. Lakini Bill Russell aliifundisha Boston Celtics huku akicheza, kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA, na akatwaa ubingwa 1968 na 1969. Alipokwenda baadaye kufundisha Seattle na Sacramento mambo hayakuwa hivyo, maana huko hakuwa na Russell wa kumpanga katikati. Lenny Wilkens naye yumo katika Jumba la Umaarufu la mpira wa kikapu, kama mchezaji na kama kocha.

Kinachowaangusha wengi, kwa maoni yangu, ni kukosa miaka ya katikati. Jason Kidd alistaafu kucheza Juni 2013, na mwezi huohuo akawa kocha mkuu wa Brooklyn Nets. Novemba alitozwa faini ya dola 50,000 kwa kumwaga soda uwanjani makusudi ili apate muda wa kupanga mchezo. Baadaye alikubali kuwa msaidizi Lakers, wakatwaa taji la 2020, na mwaka 2024 akaifikisha Dallas fainali. Ni Kidd yuleyule, ila amepita shule. Kerr, kabla ya ukocha, alikuwa mtangazaji na pia meneja mkuu wa Phoenix kwa miaka mitatu.

Shikamoo. Nacheza ligi ya mkoa, goti limenisumbua mwaka mzima. Nifikirie ukocha? (Dada wa Mwanza)

Marahaba, mdogo wangu. Mfikirie Becky Hammon. Hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya 1999, akawa nyota wa WNBA, ligi ya wanawake, hata hivyo. Mwaka 2013 goti lilimweka nje, akatumia muda huo kuhudhuria mazoezi na vikao vya Spurs. Mwaka uliofuata Popovich alimwajiri kuwa msaidizi wake. Akiwa kocha wa Las Vegas Aces ya WNBA ametwaa mataji 2022, 2023 na 2025. Usingoje goti lipone: kesho nenda mazoezini na daftari, muombe kocha wako akuachie watoto wa chini ya miaka 12.

Na Afrika je?

Sudan Kusini. Kocha wao mwaka 2024, Royal Ivey, alikuwa mchezaji wa akiba NBA kwa karibu miaka kumi, na rais wa shirikisho lao la kikapu wakati huo, Luol Deng, alisoma naye shule ya Blair Academy, New Jersey. Julai 2024 mjini London walikutana na timu ya taifa ya Marekani, iliyofundishwa na Kerr, katika mechi ya kirafiki. Hadi mapumziko Sudan Kusini waliongoza 58 kwa 42. Marekani waliokolewa na LeBron James sekunde za mwisho, 101 kwa 100. Siku kumi na moja baadaye, kwenye Olimpiki, Kerr aliwashinda 103 kwa 86, kisha akachukua dhahabu. Ivey naye aliondoka na ushindi wa kwanza wa kikapu wa Sudan Kusini katika Olimpiki, 90 kwa 79 dhidi ya Puerto Rico.